Mtoto Aliyeuliza

Ndugu zangu Waislamu wa Nyeri,

Juzi darasani mtoto aliniuliza: “Maalim, Samad maana yake nini?” Nami, badala ya kumjibu, nikamkemea asome tu. Surat al-Ikhlas tunaisoma kila siku, na wengi wetu, hata wenye mvi, hatujui kuwa Samad ni Mola anayekusudiwa kwa kila haja. Udhuru wa lugha hatunao: Sheikh Abdullah Saleh Farsy, rahimahullah, aliifasiri Qurani yote kwa Kiswahili, ikatolewa Nairobi mwaka 1969. Nairobi si mbali! Kitabu tunacho rafuni, kimefungwa kitambaa, kimejaa vumbi. Alhamisi baada ya Magharibi tutakifungua kwa sura hiyo hiyo. Mtoto yule nimekwisha mwomba radhi. Yeye ndiye atakayeuliza kwanza.