Waridi la milia na chumvi ya visima vyetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mwenye kuteremsha maji kutoka mawinguni kwa kipimo akijuacho Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, hapana shaka wapo watakaouliza: Waislamu tuna matatizo chungu nzima, vipi leo tuzungumzie maua? Jibu ni kwamba Qur'an yenyewe inatuamrisha tutazame. Katika Suratur Ra'd (13:4) Allah (SW) anatuelekeza kwenye vipande vya ardhi vilivyopakana, vyenye mizabibu, mimea ya nafaka na mitende, vyote vikinyweshwa maji ya namna moja na bado matunda yake yakazidiana kwa ladha. Anasema humo zimo ishara kwa watu wenye kutumia akili. Basi nami nimetazama mwaridi nilionao uani kwangu Kunduchi, nikaona humo jambo linalotuhusu sote tunaokunywa maji ya visima katika mwambao huu.

Mwaridi huu ni wa jamii ya chotara za chai, iliyoanza kufahamika kwa ua liitwalo La France, lililotolewa na Guillot wa mji wa Lyon mwaka 1867. Wangu unaitwa Henri Matisse. Ulitolewa na wakulima wa Delbard, nao wa Ufaransa, katika miaka ya 1990. Ua lake lina milia: wekundu uliokoza, waridi na weupe katika petali moja, na hutapata maua mawili yenye michirizi inayofanana. Rangi hukutana pale, lakini hii haiimezi ile.

Kuulea mmea huu pwani si kazi nyepesi. Mawaridi yanayosafirishwa Ulaya hulimwa Naivasha na Arusha, kwenye miinuko ambako usiku kuna baridi. Huku kwetu joto hulifanya ua lichanuke haraka na kupauka mapema. Udongo wetu ni mchanga uliochanganyika na mawe ya matumbawe, una chokaa nyingi, na majani hugeuka manjano kwa sababu mizizi haipati madini ya chuma. Kwa hiyo nimeupanda kwenye pipa lililokatwa, nikatia mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikaufunika juu kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Nimeuweka nyuma ya ukuta, kwani upepo wa kusi huja na mvuke wa chumvi. Maji naumwagilia shinani asubuhi, kamwe siyamwagi juu ya majani, maana majani yakilala na maji hushikwa na madoa meusi.

Hata hivyo, adui mkubwa wa mwaridi pwani ni chumvi ya majini. Binadamu anaweza kunywa maji yenye chumvi kidogo asitambue, lakini mwaridi hutambua. Ncha na kingo za majani huungua, zikawa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nilipoona dalili hizo nilichukua miche miwili ya aina hiyo hiyo, udongo ule ule, mapipa sawa. Mmoja niliumwagilia maji ya kisima cha mtaa, mwingine maji ya mvua niliyokinga wakati wa masika. Wa maji ya mvua ulibaki kijani. Wa maji ya kisima uliungua kingo. Miezi michache baadaye ndipo kina mama wa mtaani walipoanza kulalamika kwamba chai haina ladha na sabuni haitoi povu. Ua lilikuwa limekwisha kutupa habari.

Je, chumvi ilitoka wapi katika kisima ambacho wazee walikinywa miaka yote? Wataalamu wamelieleza jambo hili zamani. Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kati ya mwaka 1888 na 1901, walionyesha kwamba chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu yao ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa tafakari: ukivuta kwa pampu mpaka ukayashusha maji kwa mita 1 tu, mpaka wa chumvi chini hupanda taratibu kwa takriban mita 40. Na haupandi kwa aliyevuta peke yake. Hupanda kwa jirani mwenye ndoo na kamba vile vile.

Allah (SW) anatutajia katika Suratul Furqan (25:53) bahari mbili, moja tamu na nyingine ya chumvi kali, akaweka kizuizi baina yake. Sisemi kwamba aya hiyo imeteremka kueleza visima vya Kunduchi. Maana yake ni pana kuliko hivyo. Ninachosema ni kwamba Yule aliyeweka kizuizi hicho ndiye aliyeweka na mpaka uliopo chini ya miguu yetu, na sisi tunaubomoa kwa mikono yetu. Katika Suratul Waaqi'a (56:68-70) anatuuliza kuhusu maji tunayokunywa, ni nani aliyeyateremsha, kisha anatukumbusha kwamba lau angetaka angeyafanya ya chumvi, na anatuhoji kwa nini hatushukuru. Ndugu zangu, aya hii tunaisoma kila siku. Lini tutaisoma tukiwa na kikombe cha maji mkononi?

Katika mtaa wetu yupo mwenye kisima kirefu anayejaza maboza usiku na mchana. Alipoambiwa kuhusu visima vya majirani, jibu lake lilikuwa fupi: "Kiwanja changu, pampu yangu, umeme nalipa mwenyewe." Jibu hili ndilo linalonipa hofu kuliko chumvi, kwa sababu ni la Muislamu anayeswali nasi safu moja.

Tumfanyie uadilifu. Kuuza maji si haramu kwa asili yake. Wanazuoni wengi wamejuzisha kuuza maji yaliyokwisha kuchotwa na kutiwa chomboni, kwa kuwa muuzaji ameingia gharama na taabu. Lakini maji yaliyo ardhini bado hayajawa mali ya mtu. Mtume (SAW) amefundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Katika Sahihi ya Bukhari ametajwa mtu mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri, kuwa ni miongoni mwa wale ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama. Na ipo kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mwenye kisima ana haki ya kuchota. Hana haki ya kuchota kiasi cha kumharibia mwenzake kisima chake.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka wachimbaji wa visima virefu wawe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu. Kuuliza kibali si fitina. Ni kuamrisha mema.

Lakini tusimnyooshee kidole mwenye maboza tukajisahau. Ingia katika misikiti yetu mingi wakati wa udhu. Mabomba yamefunguliwa mpaka mwisho, mtu anapangusa kichwa na maji yanakwenda. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) akitawadha kwa mudi moja, ambayo wazee wetu waliikadiria kwa kibaba, chini ya lita 1. Chukua ndoo, kinga maji ya udhu wako mmoja, upime. Ukikuta ni lita 5, na msikiti una watu 300, hizo ni lita 1,500 kwa swala moja na lita 7,500 kwa siku. Kwa lita 1 kila mtu, zingekuwa 1,500 kwa siku nzima. Nacho kisima cha msikiti kinavuta kutoka chini kule kule anakovuta mwenye maboza.

Wazee wetu wa mwambao walilijua hili. Pale Gede, karibu na Malindi, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, kisima cha msikiti mkuu kinaonyesha kwamba kilichimbwa tena kwenda chini zaidi. Watafiti wanataja kupungua kwa maji kuwa moja ya sababu zinazodhaniwa kuwahamisha watu wake. Kuta zake za matumbawe zingalipo. Waadhini hawapo.

Basi tufanye nini? Kwanza, kamati za misikiti zifunge mabomba ya kujifunga yenyewe na kukinga maji ya mapaa wakati wa masika na vuli. Pili, wenye visima vya mtaa mmoja wakae pamoja, wakubaliane saa za kuvuta na saa za kukiacha kisima kipumzike. Tatu, wenye uwezo wamkumbuke Sayyidna Uthman (RA), aliyekinunua kisima cha Ruma pale Madina, maji yake yakiuzwa, akakifanya wakfu kwa Waislamu. Tangi la mvua la wakfu leo ni Ruma ya mtaa wako. Na mwenye kupenda maua apande, kwani mti anaoupanda Muislamu akala humo ndege au mtu ni sadaka. Ila aumwagilie kwa maji ya mvua au maji ya kuoshea mboga, asichukue fungu la mwenye kiu.

Ewe Mola wetu, usitugeuzie tamu yetu kuwa chungu kwa dhulma zetu, na utujaalie tuwe majirani wema juu ya ardhi na chini yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.