Ufa Ulio Chini ya Rangi

Liko swali moja litupasalo kulifikiri, sisi tushikao nyundo na sisi tusioishika. Mtu akiharakishwa katika kazi, naye akatengeneza kitu nusu nusu, je, amesema uongo? Kinywa chake hakikunena neno lo lote. Lakini twajua ya kuwa kazi nayo hunena, na mwenye kuipokea husikia yale inenayo. Basi tulifikiri swali hili kwa mfano wa chombo kimoja kinachoonekana siku hizi katika pwani yetu, tangu Kilwa hadi Lindi, na huku Mitwero pia: nacho ni kijiko cha mtambo wa kupakia mchanga na mawe.

Kijiko hiki ni kama beleshi kubwa la chuma, nacho hushikwa mbele ya mtambo kwa mikono miwili na pini nene. Mdomoni mwake liko bamba la chuma kigumu, lenye makali. Bamba hilo limewekwa ili lilike. Aliyeunda mtambo alijua ya kuwa mchanga na changarawe hula chuma. Kwa hiyo aliweka mbele kitu cha kuliwa, ili kijiko chenyewe kipone. Katika mitambo mingi bamba hufungwa kwa bolti. Upande mmoja ukiisha, hufunguliwa na kugeuzwa, likatumika upande wa pili. Kisha hutolewa, likatiwa jipya. Lakini mwenye mali akisema, “Bado lafaa, tungoje mwezi ujao,” makali huisha kabisa, na mchanga huanza kuula mdomo wa kijiko. Hapo bei ya bamba imegeuka kuwa bei ya kijiko kizima. Wazee walitufundisha ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na mithali hiyo ni ya kweli kwa chuma kama ilivyo kwa udongo.

Tena kuna ufa wenyewe. Mara nyingi huanza pembeni, kwenye ungio, pale kijiko kilipogonga jiwe kwa kona moja. Mwanzo wake ni mwembamba kama unywele. Mbele ya ufa huo fundi anazo njia mbili.

Njia ya kwanza ni fupi. Hupitisha mstari wa kuchomelea juu ya ufa, huweka kiraka, kisha hupaka rangi ya manjano. Kwa muda mfupi kijiko chapendeza macho. Lakini ufa ungali chini yake, na kila mzigo ubebwapo hufunguka kidogo, hata siku moja ukatokea ng’ambo ya kiraka.

Njia ya pili ni ndefu. Fundi hutenga betri ya mtambo, na waya wa kurudishia umeme huufunga karibu na mahali pa kazi, ili umeme usipite katika pini ukaziharibu. Husafisha grisi na kutu. Hutafuta mwisho wa ufa, maana mwisho uonekanao kwa macho mara nyingi sio mwisho wake. Na hapo hutoboa tundu dogo, ili usiendelee. Husaga chuma chote kilichopasuka mpaka akifikie chuma kizima. Kisha hukipasha moto, kwa kuwa chuma kigumu kikichomelewa kingali baridi hupasuka tena kandokando ya ungio. Hutumia vijiti vikavu, maana unyevu ukiingia hulidhoofisha ungio, na hewa ya pwani yetu ni ya unyevu. Hujaza tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huligonga na kuliondolea mavi ya chuma kabla ya kuweka jingine. Mwisho hukifunika kwa mchanga mkavu, kipoe polepole.

Sasa tuangalie neno hili: kila hatua ya njia ya pili hufichwa na hatua iifuatayo, na zote hufichwa na rangi. Rangi ikiisha kupakwa, kazi ya fundi mwaminifu na kazi ya mdanganyifu hufanana. Mwenye mtambo hana macho ya kuona ndani ya chuma. Hununua kile fundi anachokijua peke yake. Kwa hiyo rangi juu ya chuma kilichotengenezwa ni neno, maana yake: “Kimepona.” Nayo hulinena neno lile lile juu ya chuma kilicho kigonjwa. Wasomaji wetu waukumbuka ukuta ule alioutaja nabii Ezekieli, uliopakwa chokaa ukaonekana imara, hata mvua ilipokuja.

Nchi yetu imekwisha kuona hasara ya kuhesabu mitambo pasipo kuhesabu matengenezo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga katika Tanganyika, huko Kongwa na baadaye Nachingwea, katika bara ya Lindi. Mitambo mingi iliyoletwa ilikuwa mikuukuu, mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa ulikula majembe na makali upesi, na wakati wa kiangazi ukawa mgumu mno. Matrekta yakaharibika kwa wingi, na karakana na vipuri havikutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kupotea fedha zaidi ya pauni milioni 30. Sababu zilikuwa nyingi, na uhaba wa mvua mojawapo. Lakini hii nayo ilikuwamo, kwamba hesabu iliyoandikwa katika karatasi ilitangulia mbali kuliko hali ya chuma chenyewe.

Labda mtu atatujibu, “Maneno yenu ni mema, lakini haja haingoji chuma kipoe.” Neno hili lina nguvu, wala hatulidharau. Mwezi wa Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika wilaya ya Kilwa. Wasafiri walikwama, na magari yenye mizigo pia, na mitambo ikahitajiwa kumwaga mawe na kifusi. Katika saa kama hiyo kijiko kikipasuka, je, fundi aseme, “Ngojeni mpaka kesho,” na ng’ambo ya maji yuko mgonjwa anayengojea kuvushwa? Hasha. Na aweke kiraka.

Maana kiraka si uongo. Kiraka kilichoitwa kiraka ni kazi ya kweli, tena yaweza kuwa kazi ya huruma. Fundi na amwambie dereva waziwazi: “Hiki ni cha kutuvusha leo. Punguza mzigo, usigonge mawe kwa kona hii, watu wasisimame karibu, kisha nirudishie.” Na aandike katika daftari la mtambo, ili dereva wa zamu ya pili naye ajue. Uongo huanza pale kiraka kipakwapo rangi kikaitwa uzima, na bei ya uzima ikapokelewa.

Wengine husema, “Lakini kisipovunjika, nani amedhulumiwa?” Twajibu: yule aliyesimama chini yake. Maisha yake yaliwekwa rehani naye hakuulizwa. Kwamba rehani ilirudi salama ni bahati, na bahati haigeuzi uongo kuwa kweli.

Wala tusimtwike fundi mzigo wote. Mara nyingi yeye ni kibarua, ana watoto, na bwana wa kazi amemwambia, “Paka rangi, mtambo uondoke.” Akikataa, kesho ataitwa mwingine. Dereva naye auona ufa, akanyamaza kwa hofu ya kupoteza kazi. Twawaomba wanene hata hivyo. Lakini aliye na wajibu mkubwa kuliko wote ni yule mwenye amri. Bwana anayemkaripia mtu aliyemletea habari ya ufa amejinunulia ukimya, na ukimya huo una gharama kuliko kijiko kipya. Bwana anayemshukuru ameifanya kweli kuwa nyepesi kwa walio chini yake.

Na jambo hili halikomei kwenye chuma. Hesabu za chama zilizosawazishwa juu juu, paa la shule lililozibwa likavuja mahali pengine, ugomvi wa ndugu uliofunikwa kwa karamu pasipo kusemwa neno lililouma: yote haya yana ufa na yana rangi. Basi, tupokeapo kazi ya mtu tuulize kwa upole, “Chini ya rangi kuna nini?” Na tutoapo kazi yetu sisi, tujibu kabla hatujaulizwa.