Biashara ya Mstaafu na Haki ya Jirani



Katika Tanzania, watumishi walio wengi wa serikali huruhusiwa kustaafu kwa hiari watimizapo miaka 55, na hulazimika watimizapo 60. Hapo ndipo mwalimu, mganga au karani wa Karagwe na wa Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, hurudi nyumbani kwake katikati ya migomba na mibuni. Wako wanaodhani kwamba kazi imekwisha. La! Nabii Daudi a.s., ijapokuwa alikuwa mfalme, alikula chumo la mikono yake. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba mwenye mche mkononi, hata kama Kiyama kinasimama, na aupande akiweza. Basi mzee wa miaka 60 ana udhuru gani wa kutopanda mbuni, ambao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi?

Kuchuma baada ya kustaafu, basi, ni jambo jema. Lililobaki ni kujua njia ya kuchuma.

Kanuni ya mwaka 2022 iligawa mafao ya mstaafu: asilimia 33 kwa mkupuo, na iliyobaki pensheni ya kila mwezi. Baadaye sehemu ya mkupuo iliongezwa. Lakini iwe kubwa au ndogo, fedha hiyo huja mara moja tu, na kijijini haifichiki. Kabla ya mavuno, ambayo huanza yapata mwezi wa Mei, jirani mwenye mgonjwa au mwenye mtoto wa kupeleka shule hubisha hodi. Hana fedha; anayo kahawa iliyo bado maua mtini. Hapo huzaliwa ile biashara iitwayo butura: mwenye fedha huinunua kahawa ingali shambani kwa bei duni, na mavuno yakifika huyachukua yote. Mkulima aliyepalilia mwaka mzima huanika kahawa ya mtu mwingine uani mwake.

Serikali imeikataza butura, na Uislamu ulikataza mfano wake zamani. Mtume s.a.w. alizuia kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, akauliza: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, mtu atakula mali ya ndugu yake kwa haki gani?

Pengine mwenye fedha atajitetea: “Mimi nimemsaidia. Bila mimi mtoto wake angekosa shule.” Ni kweli kwamba shida ya jirani ilikuwepo kabla yake. Lakini aliyempa maji mwenye kiu kisha akamchukulia kisima chake, je, huyo ataitwa msaidizi?

Wala dini haikufunga kila mlango. Mtume s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla. Akaruhusu, kwa sharti kwamba kipimo, uzani na muda vijulikane. Butura haina hata moja ya hayo: hununuliwa miti, na kilo zake hazijulikani. Tena pale sheria ya nchi ilipokataza kununua kahawa ikiwa shambani, Mwislamu huitii, na hubaki kwake njia iliyo bora zaidi: kukopesha bila riba. Sura Al-Baqara inaamuru deni liandikwe, na mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Nani ajuaye kuandika vizuri kuliko karani mstaafu?

Na kazi ya halali si haba. Apande miche bora. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku, karibu na Bukoba, kimeitoa. Aanzishe kitalu, awauzie jirani zake kwa bei ya haki. Aanike vizuri, apime sawasawa, auze kwa chama cha msingi, wala asiivushe kwa magendo kupitia mpakani usiku. Na ikiwa chama hicho kinakosa mtu mwaminifu wa kusoma mizani na kutunza vitabu, elimu yake ya miaka 30 ina kazi hapo.

Ewe ndugu uliyestaafu, au utakayestaafu kesho: jirani yako atakapobisha hodi na maua ya mibuni yake, jua ya kuwa Mwenyezi Mungu anayatazama mapatano yenu. Yeye atujaalie chumo lililo safi na uzee wenye manufaa kwa watu. Amin.