Haki ya Mwili kwa Mwenye Kutafuta Elimu

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu mwili kuwa amana, na kila amana ina hesabu yake. Sahaba Abdallah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, Mtume (S.A.W.) akamzuia, akamfahamisha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Basi ikiwa ibada haiondoi haki hiyo, vipi kitabu kiiondoe? Mwanafunzi akaaye kitako tangu asubuhi hata usiku hudhani anachuma elimu, kumbe anapunguza nguvu za kuibeba.

Na wako wategemeao nguvu za jana. Mwaka 1978 tabibu Ralph Paffenbarger wa Marekani alitangaza khabari za wanaume 16,936 walioingia chuo kikuu cha Harvard baina ya 1916 na 1950. Ilidhihiri kuwa aliyekuwa bingwa wa michezo chuoni, kisha akaacha, ubingwa ule haukumkinga na maradhi ya moyo. Na aliyekuwa mzito, kisha akashikamana na kazi za mwili, akapata kinga.

Dini nayo husifu amali ndogo idumuyo kuliko kubwa iachwayo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliwawekea watu wazima kipimo cha dakika 150 hata 300 kwa juma. Kijana aendaye msikitini kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, dakika 15 kwenda na 15 kurudi, kwa siku 5 ametimiza 150.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana siha ya kumtii. Amin.