Meno Haya ni Deni la Nani?

Matatu ya Kangemi ilikuwa imekwama Westlands, kama kawaida, kondakta akatoa mzaha na gari zima likacheka. Mimi pia, lakini kwa kuziba mdomo. Mkono huenda wenyewe siku hizi. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, yana mabaka, na ofisini kule Moi Avenue najua wanavyosema: huyu hapigi mswaki. Wenye huruma kidogo huuliza, "Kwani wewe ni wa Nakuru?"

Ndiyo, ni wa Nakuru. Tulikunywa maji ya kisima, na miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huyatia maji floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nani alipima jerikeni letu?

Enameli ya meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu uchanga, miaka kadhaa kabla jino halijatokeza. Seli huchukua kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye damu, zikapanga fuwele nyembamba mno, bunda kwa bunda, mpaka inapatikana ngao iliyo ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Jino likitokeza, mafundi hao wameshakufa. Mfupa ukivunjika huunga. Konokono gamba likipasuka hulitia kiraka. Enameli, wapi! Ulichojengewa ndicho hicho. Na floraidi ikizidi wakati wa ujenzi, fuwele hazikomai vizuri, enameli inabaki na vitundu, na rangi ya kahawia inaingia baadaye.

Kwa hiyo aibu ni ya nani? Yangu haiwezi kuwa; nilikuwa nanyonya, bana. Serikali? Mwamba? Mama yangu amejichagua mwenyewe. Aliyachemsha yale maji kila siku kwa kuogopa kipindupindu, na kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Kadiri alivyonilinda ndivyo ilivyokolea. Sijawahi kumwambia hilo. Nadhani kuna mtu amemwambia.

Daktari mmoja wa meno huku Westlands ameniambia anaweza kusaga enameli kidogo kwa mbele, kisha abandike vigamba vyeupe. "Lakini tukishasaga, hairudi," akasema. Nikamwomba muda. Ngao yenyewe ni mbovu, sawa, ila ndiyo niliyo nayo, na mara nyingine naona ni ujinga kuipunguza ili watu wa lifti wasinitazame. Mara nyingine, kabla ya mkutano, naona ningeisaga yote.

Juzi mama alipiga simu. Zamu yake ya chama ni mwezi wa nane na anataka kulipia. "Niachie hilo tu, mwanangu." Nikikubali, nitakuwa nimekiri kwamba kuna deni. Nikikataa, atakaa nalo. Nimemwambia mtandao unasumbua, nitampigia.