Dhima ya Deni

Wazee wa Kigiriama wa pande hizi za Kaloleni, ambao utajiri wao ulikuwa minazi na mifugo, waliijua rupia kwa kulazimishwa kodi ya vibanda, na baada ya vita vyao na Waingereza mwaka 1914 wakatozwa faini ya rupia 100,000, hali thamani ya sarafu hiyo haikuwa mikononi mwao kamwe. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini, na punde shilingi, ambayo akiba yake Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliiweka London kwa pauni. Leo pauni imeipisha dola, na kwa dola Kenya ilikopa bilioni 2 mwaka 2014, fedha ambayo sisi hatuna ruhusa ya kuichapa.

Sasa hapa pana mas'ala yanayonishughulisha moyo: je, dhima yarithiwa? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, yataka deni liandikwe kwa uadilifu mbele ya mashahidi. Basi nani alimshuhudia mtoto wa Kaloleni asiyezaliwa bado? Naitakidi kwamba mkopo uliochimba kisima atakachonywea yeye ni halali kumdai, bali ule uliolipia riba ya mkopo mwingine ni dhuluma, na kuchapa noti ili kuisitiri ni kumpunja mwuza mbata kwenye mizani yake mwenyewe. Wanaotumaini kwamba yuani au dhahabu ikishika mahali pa dola tutapumua, na waseme kwanza ni nani atakayeshika kalamu siku ya kuandikiana.