Uliza Kilichoko Kwenye Ukoo Wako

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 28:24, 29:3–17, 2 Wafalme 20:1–7



Tukiombea ukoo, wengi wetu huomba laana zivunjwe. Ni sawa, tutaendelea kuomba. Lakini hebu nikuulize: unajua babu yako alikufa kwa ugonjwa gani? Wengi tunajua tu kilichosomwa kwenye programu ya mazishi, ati aliugua kwa muda mfupi. Mara nyingi huo muda haukuwa mfupi. Presha inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote, kisha siku moja inaangusha mtu, nasi tunasema ni ghafla.

Mwangalie Hezekia. Alikuwa na miaka 25 alipochukua ufalme baada ya babake, Ahazi. Ni umri wa wengi wenu mlio kwenye kwaya ya vijana. Alirithi kiti cha enzi, akarithi pia hekalu ambalo Ahazi alikuwa amelifunga milango. Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na jambo hili nalijua: ukirithi duka, unarithi stoki pamoja na madeni. Mwenye akili huitisha kitabu cha madeni kwanza. Hezekia alifanya mambo matatu.

1. Alisema ukweli kuhusu baba zake. Alisimama mbele ya Walawi akataja walipokosea, bila kuwalaani na bila kuficha. Wiki hii keti na wazazi wako, uwaulize kwa heshima: Baba, presha yako ilianza ukiwa na miaka mingapi? Mama, kuna shangazi au mjomba aliyekuwa na sukari, kiharusi au ugonjwa wa moyo? Umri ni muhimu. Ikiwa baba au ndugu yako wa kiume alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yako kabla ya 65, madaktari huhesabu hilo kuwa onyo kwako. Na kina mama, kama presha au sukari ilipanda ukiwa mjamzito, mwambie daktari, hata kama ilishuka ulipojifungua.

2. Alianza mapema. Milango ya hekalu aliifungua mwaka wa kwanza, mwezi wa kwanza. Hakusema, "Mimi bado kijana." Kupima presha ni dakika chache tu. Chini ya 120/80 ni vizuri. Ikifika 140/90 kwa siku tofauti, hiyo ni presha. Sukari ikifika 7.0 asubuhi kabla hujala, ni kiwango cha kisukari, na daktari atataka kuhakikisha. Omba wapime mafuta ya damu pia. Kisha chukua kamba yenye urefu wako, uikunje katikati. Isipotosha kuzunguka kiuno, tumbo limezidi.

3. Alitoa uchafu nje. Kazi hiyo ilichukua siku 16. Ukoo huturithisha damu na sufuria. Damu huwezi kubadilisha, sufuria unaweza. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Soda si maji. Sigara iachwe. Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Hata kushuka matatu steji moja kabla ya kwenu ni mwanzo. Na kwenye ushirika wa nyumbani, chai iletwe bila sukari, kila mtu ajiwekee.

Sasa mtu atauliza: Pastor, imani iko wapi? Hezekia huyo huyo aliugua karibu kufa. Piga hesabu: alitawala miaka 29, na 15 ya mwisho aliongezewa. Basi alikuwa na karibu miaka 39. Biblia haisemi kama ulikuwa ugonjwa wa ukoo. Inasema aliomba, akalia, Mungu akaahidi kumponya, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Ahadi ilitangulia, dawa ikafuata.

Kwa hivyo nasema wazi: ukiombewa presha hapa, usitupe tembe. Rudi kliniki upimwe, daktari ndiye apunguze dawa. Hata wale kumi wenye ukoma Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Baba yangu ana presha, na nyanya yangu alikuwa na sukari. Mimi hupimwa kila mwaka, na nikiombea moyo wangu naomba nikijua nambari zangu. Nimesimama kwenye makaburi ya watu wa rika langu, watoto wao wakiwa hata hawajaanza shule. Sitaki kusimama kwenye lako.

Kazi ya wiki: uliza nyumbani, andika, nenda upimwe. Uliye mzazi, usingoje kuulizwa. Waambie watoto wako.

Tuombe. Bwana, asante kwa wazazi wetu na kwa yote waliyotuachia. Tupe ujasiri wa kuuliza, unyenyekevu wa kupimwa, na nguvu ya kubadilika mapema. Tuponye, na utuongezee siku za kukutumikia. Katika jina la Yesu, amina.